Ufagio, Sabuni na Mgongo wa Mtu

Katika somo langu la historia ya jamii kuna zoezi nililolitoa kwa miaka kadhaa sasa. Kila mwanafunzi huleta darasani kifaa kimoja cha nyumbani kwao, kisha huandika insha juu ya historia ya kifaa hicho. Huletwa redio za mkulima, pasi za mkaa, vibatari, na siku hizi simu za zamani zilizokufa betri. Muhula uliopita binti mmoja wa mwaka wa pili alileta ufagio wa chelewa. Darasa likacheka. Ufagio wenyewe ulikuwa umelika upande mmoja, na ulikuwa umeungwa na mpini wa dekio lililovunjika, ukakazwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli.

Binti yule alisubiri kicheko kiishe. Akasema ufagio ni wa mama yake, ambaye hufagia barabara kwa kampuni moja ya usafi jijini. Kampuni hutoa fagio fupi. Mpini ameufunga mama mwenyewe. Kisha akatuuliza: ikiwa fimbo hupatikana kirahisi hivi, kwa nini ufagio hutolewa bila fimbo?

Sikuwa na jibu la haraka, na nakiri kwamba katika miaka yangu yote ya kufundisha habari za kodi, mashamba makubwa na reli, sikuwahi kujiuliza swali hilo. Yafuatayo ni jaribio la kulijibu.

Tuanze na maneno, kwa kuwa maneno huhifadhi mambo ambayo nyaraka huyaacha. Fagia ni kitenzi cha Kibantu, cha kale kuliko miji ya pwani yetu. Sabuni tumeipata kwa Waarabu. Karai na dobi vimetoka Bara Hindi. Beseni na brashi ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Lililo tamu kuliko yote ni deki: hiyo ni sitaha ya meli, na anayepiga deki sebuleni kwake leo anatumia neno la mabaharia waliosugua mbao za meli zilizotia nanga bandarini. Kona ya jikoni tunamoegesha vifaa vya usafi imekusanya historia ya Bahari ya Hindi, ingawa hakuna anayeichukua kuwa jalada.

Vifaa hufuata sakafu. Nyumba ya udongo ilihitaji maji ya kunyunyizia ili vumbi lisitimke, na ufagio mwepesi usiochimbua ardhi. Uwanja ulihitaji chelewa ngumu za mnazi. Kwa vyungu na sufuria kulikuwa na majivu, mchanga na makumbi ya nazi; kwa mwili, dodoki. Vyote hivyo vilipatikana hatua chache kutoka mlangoni, na havikuwa na bei. Baadaye ikaja saruji. Kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Kadiri saruji ilivyoenea ndivyo ndoo, dekio na sabuni ya unga vilivyogeuka kuwa mahitaji ya kila siku, tena mahitaji ya kununua. Sakafu ya saruji haidanganyi: uchafu huonekana, na mgeni huuona kabla hujamkaribisha kiti.

Hapa inafaa nitoe angalizo, maana wanaharakati wetu wana haraka ya kuona dhuluma katika kila kitu. Ufagio mfupi haukubuniwa ili kumwinamisha mtu. Ndani ya chumba kidogo chenye vitanda na mitungi, mkono ulio karibu na sakafu huongoza ufagio vizuri zaidi. Bibi alifagia nyumba yake mwenyewe asubuhi, kazi ya dakika chache, kisha akanyooka na kwenda kwenye shughuli nyingine. Kwa kazi hiyo ufagio ulitosha. Mambo yaliharibika pale kifaa kilekile kilipochukuliwa kutoka kwenye dakika chache za nyumbani kikapelekwa kwenye zamu ya siku nzima ya kufagia kwa ajili ya mwingine, na kikapelekwa vilevile kilivyo. Muda ulibadilika, mwenye nyumba akabadilika, malipo yakaingia, ufagio haukubadilika. Kubadilisha kunagharimu fedha na fikira, na anayeinama hakuwa na sauti ya kudai lolote kati ya hayo.

Safari hiyo ya ufagio ilianza mapema. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, kufagia, kuchota maji na kufua katika nyumba za wenye uwezo kulikuwa kazi ya watumwa, wengi wao wanawake. Amri ya mwaka 1897 ya kukomesha utumwa Zanzibar iliwaacha masuria nje ya mipaka yake. Ilibidi kusubiri amri nyingine, ya mwaka 1909. Kwenye pwani ya Kenya utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Naitaja miaka hii kwa sababu inaonyesha mahali ambapo sheria huchelewa kufika: ndani ya nyumba. Shamba la karafuu lilifikiwa kwanza. Chumba cha ndani, chenye ufagio na mtungi, kilifikiwa mwisho.

Kisha akaja boi. Watumishi wa nyumba za Wazungu katika Afrika Mashariki ya kikoloni walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanaume watu wazima. Kodi ilidai fedha taslimu. Mwanamume alitoka kuzitafuta mjini, mkewe akabaki kulishikilia shamba. Mtu mwenye watoto wanne kijijini, anayeitwa baba na kuamkiwa shikamoo, mjini alipiga magoti kuing'arisha kwa nta sakafu nyekundu ya bwana shauri, na jina lake likawa neno la Kiingereza lenye maana ya mtoto wa kiume. Janet Bujra, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu utumishi wa majumbani Tanzania, ameeleza kwa kina jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ya wanaume, na jinsi ilivyohamia kwa wanawake na wasichana. Wanaume hao hawakunyamaza. Katika miaka ya 1940 wapishi, madobi na maboi wa Dar es Salaam walikuwa na chama chao, na Desemba 1956 watumishi wa majumbani na wa hoteli waligoma. Tunapohesabu waliopigania uhuru, huwataja walimu, makarani na makuli wa bandarini. Mpishi na boi huwaruka, ingawa ndio waliowajua wakoloni kwa karibu kuliko yeyote.

Usafi wenyewe ulikuwa siasa. Mwaka 1902, baada ya tauni kuingia Nairobi, wakuu wa mji waliichoma moto bazaari ya Wahindi. Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuzikagua nchi hizi mwaka 1913, alipendekeza miji igawanywe kwa rangi za watu, kwa hoja ya afya. Dar es Salaam nayo iligawanywa kwa kanuni za ujenzi, na eneo la wazi la Mnazi Mmoja likawa mpaka kati ya Waafrika na wengine. Hoja ilikuwa kwamba Mwafrika ni mchafu na ukaribu wake ni hatari. Hata hivyo mikono iliyoosha sahani, shuka na watoto wa waliotoa hoja hiyo ilikuwa ya Mwafrika huyohuyo, kuanzia alfajiri hadi usiku. Sijaona mahali ambapo watawala wale walijitahidi kuupatanisha ukinzani huo. Pengine hawakuuona.

Nimesema sabuni iligeuka kuwa kitu cha kununua. Hadithi yake inastahili kusimuliwa kwa wanafunzi wa uchumi kuliko wa afya. Katika karne ya 19 pwani yetu iliuza ufuta na mbata kwa wafanyabiashara wa Ufaransa, na viwanda vya Marseille vikaukamua mafuta na kutengeneza sabuni. Mwaka 1911 kampuni ya Lever Brothers, iliyotajirika kwa sabuni ya Sunlight, ilipata kwa mkataba na serikali ya Ubelgiji haki ya kuchagua maeneo makubwa ya michikichi nchini Kongo. Makao ya biashara hiyo huko Kwilu yalipewa jina la mwenye kampuni, Leverville. Leo mji huo unaitwa Lusanga. Wanaume walilazimishwa kupanda michikichi na kukata mikungu kwa ujira duni, na shinikizo hilo lilikuwa miongoni mwa visababishi vya uasi wa Wapende mwaka 1931, uliozimwa kwa damu. Mama wa nyumbani wa Uingereza aliyefungua karatasi ya mche wa sabuni hakuyajua hayo. Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwataja Lever na Unilever kwa jina katika kitabu chake cha mwaka 1972, na wanafunzi wangu wengi hudhani habari hiyo ni ya kale mno kuwahusu, mpaka wanaposoma kilichoandikwa nyuma ya pakiti ya sabuni waliyo nayo bwenini.

Sisi wenyewe tulionja maisha bila sabuni. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na mtikisiko wa uchumi uliofuata, sabuni ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoadimika Tanzania. Mama yangu husimulia jinsi nguo zilivyofuliwa kwa majani ya mpapai, na jinsi mche mmoja wa sabuni ulivyokatwa vipande kwa uzi na kugawiwa ndugu kama nyama ya sikukuu. Mwaka 1983, katika kampeni dhidi ya wahujumu uchumi iliyosimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, wapo waliotupa bidhaa vichakani na majini kwa hofu ya kukamatwa. Mama hucheka anaposimulia kwamba majirani waliodhaniwa kuwa maskini ndio walioamka usiku kuhamisha makatoni. Lakini hucheka mara moja tu, kisha hunyamaza.

Kabla ya kipindi hicho kigumu kulikuwa na kampeni ambayo nadhani tumeisahau isivyo haki. Mwaka 1973 serikali iliendesha Mtu ni Afya: vipindi vya redio, vijitabu, na vikundi vya kusikiliza na kujadiliana, vilivyowafikia watu wazima wapatao milioni 2. Watu walisikiliza, wakazungumza, wakatoka kwenda kufyeka, kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Ninachokithamini katika kampeni ile ni kwamba mtu alielezwa sababu kabla ya kupewa jembe, na kazi ilikuwa kwa ajili ya kaya yake na ya jirani yake. Haikuwa kamilifu, na ile ilikuwa enzi ya kuamrisha. Lakini mkulima aliketi kwenye kikundi kama mtu mwenye akili.

Linganisha na Desemba 9, 2015. Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi, nchi ikiwa katikati ya mlipuko wa kipindupindu. Yeye mwenyewe alionekana akizoa taka karibu na Ikulu. Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Si mara nyingi tunamwona mkubwa ameinama. Baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Mtumishi wa umma anayesoma hapa anaijua siku hiyo vizuri: fagio mpya, glavu mpya, kamera, na kufikia saa 4 kila mtu yuko nyumbani. Siku 29 nyingine barabara ileile hufagiwa na mama wa mwanafunzi wangu.

Ufagio umekuwa nembo nzuri ya siasa. Burkina Faso vijana wa Le Balai Citoyen, yaani Ufagio wa Raia, waliounda harakati yao mwaka 2013, waliingia mitaani na fagio mikononi, na Oktoba 2014 Blaise Compaoré akaondoka baada ya miaka 27 madarakani. India chama cha Aam Aadmi kilichukua ufagio kuwa alama yake ya uchaguzi, katika nchi ambayo kufagia kumekuwa mzigo wa tabaka la watu waliozaliwa nao. Nawaheshimu vijana wa Ouagadougou. Ila nembo ina tabia ya kummeza mwenye kifaa: tunashangilia ufagio unaofagia ufisadi, tukimpita bila salamu anayefagia kituo cha daladala.

Nirudi kwenye mpini, maana hapo ndipo swali lilipoanzia. Katika mashamba ya mboga ya California wakulima vibarua, wengi wao wenye asili ya Mexico, walilazimishwa kwa miongo kadhaa kutumia jembe la palizi lenye mpini wa takriban nusu mita, waliloliita el cortito, yaani kafupi. Wenye mashamba walisema ni kwa ajili ya usahihi wa kazi. Wafanyakazi walijua sababu nyingine: kwa jembe lile, msimamizi aliyesimama mwisho wa shamba alitambua kwa mtazamo mmoja nani anafanya kazi na nani amepumzika. Aliyenyooka amepumzika. Madaktari walitoa ushahidi wa migongo iliyoharibika, kesi ikafika Mahakama Kuu ya jimbo hilo, na mwaka 1975 jembe hilo likapigwa marufuku. Mboga ziliendelea kuota.

Hispania nako, mpaka katikati ya karne iliyopita, sakafu zilisuguliwa kwa kitambaa, mwanamke akiwa amepiga magoti. Mwaka 1953 mama na binti yake wa Avilés walisajili kifaa cha kuwaepusha na hilo. Mwaka 1956 mhandisi Manuel Jalón, aliyekuwa ameona madekio na ndoo za kukamulia katika mahanga ya ndege Marekani, alianza kutengeneza dekio la mpini na ndoo yake mjini Zaragoza. Fimbo, nyuzi na ndoo: hakuna hata kimoja ambacho kingemshinda fundi wa karne kadhaa zilizotangulia. Ujuzi ulikuwepo, magoti ya yule mwanamke hayakuwa yamewahi kuhesabiwa kuwa tatizo la uhandisi.

Na mashine? Nitapita haraka. Melville Bissell alisajili kifagio chake cha zulia Marekani mwaka 1876, Hubert Booth akaunda mashine ya kufyonza vumbi Uingereza mwaka 1901. Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alionyesha kwamba mashine za nyumbani hazikumpunguzia mama wa Kimarekani saa za kazi kama ilivyotangazwa, kwa kuwa viwango vya usafi vilipanda pamoja nazo na wasaidizi wakaondoka. Wenye mashine za kufulia Mikocheni watakuwa na la kusema hapa.

Kwetu msaidizi hakuondoka, alibadilika. Boi aliyekuwa mtu mzima amekuwa binti kutoka Iringa, Singida au Dodoma, mara nyingi mdogo kuliko mtoto wa mwenye nyumba aliyeko chuoni. Tunamwita dada, neno la heshima linaloficha kwamba dada halipwi vizuri. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 ilimwekea mtumishi wa nyumbani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi. Ile iliyoanza Januari 2023 ikakipandisha hadi 60,000. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 juu ya kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa majumbani mwezi Juni 2011. Nimekwisha kuuliza katika ukumbi uliojaa wahadhiri wenzangu nani ameandikiana mkataba na dada wa nyumbani kwake. Mikono iliyoinuliwa ilikuwa miwili, na wangu haukuwamo. Nimeurekebisha upungufu huo, kwa kuchelewa.

Tunawafunza watoto mapema kwamba kufagia ni jambo la kufanyiwa mkosaji. Shuleni tuliagizwa kila mmoja aje na ufagio wa chelewa na kidumu cha maji, na hilo lilikuwa jema. Zamu ilikuwa ya wote. Lakini aliyechelewa namba aliongezewa choo cha kudeki. Sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 2002 humruhusu mahakimu kumpa mkosaji kazi za umma badala ya kifungo, na ufagio ni miongoni mwa adhabu zinazofikiriwa kwanza. Sina ugomvi na sheria hiyo, magereza yamejaa. Namfikiria tu mfagizi wa kuajiriwa wa hospitali anapopokea asubuhi mwenzake wa zamu aliyehukumiwa kufanya kile anachokifanya yeye kwa mshahara.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la binti yule lilikuwa hivi: ufagio hutolewa bila fimbo kwa sababu anayeandika mahitaji ya zabuni hajawahi kufagia barabara, na anayefagia haulizwi wakati zabuni inaandikwa. Ndugu zangu wa halmashauri mnaosoma hapa, ni mstari mmoja tu katika jedwali la vifaa, kati ya glavu na kizoleo. Andikeni urefu wa mpini.

Nilimwuliza pia mama yake alijuaje urefu unaofaa. Alikwenda kuuliza, akarudi na jibu wiki iliyofuata. Mpini wa kwanza ulimfika kiunoni, na mgongo uliendelea kuuma. Wa pili ulipita kichwa, ukawa unayumba. Wa tatu unamfika kidevuni, na ndio aliobaki nao. Wenzake wanne katika kikundi wamefunga ya kwao kwa kipimo hicho; mmoja wao, aliye mfupi kuliko wote, alilazimika kukata wake mara mbili.